Gurudumu la Ndege na Jembe la Parokia



Katika miezi ya karibuni tumepokea maswali ya aina mbili kuhusu huduma ya ndege. Kamati za parokia zinauliza kwa nini rubani anakataa kutua kwenye kiwanja ambacho wiki iliyopita alitua bila neno. Wafadhili wetu nao wanauliza kwa nini maombi yetu ya fedha yana mafyekeo, matoroli na posho za walinzi wa viwanja, ilhali wao walidhani wanachangia ndege. Tumeona vema tuyajibu yote mawili kwa pamoja, maana jibu lake liko mahali pamoja: chini ya ndege, kwenye magurudumu.

Wengi wetu tukisikia ajali ya ndege tunafikiria injini kuzimika angani. Hilo hutokea, lakini kwa ndege ndogo sehemu kubwa ya mikasa hutokea wakati wa kutua na kukimbia chini. Mara nyingi hakuna anayeumia. Ndege hubaki imeinamia pua au imelala kwa bawa moja, abiria wanashuka wenyewe, watu wanamshukuru Mungu, na wenye kamera wanapiga picha. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba ndege hiyo haitaruka tena kwa miezi kadhaa. Kliniki ya mama na mtoto iliyokuwa ifanyike Alhamisi haitafanyika, na mama mwenye uchungu pingamizi atabebwa kwa gari, kama gari lipo na kama mto unapitika.

Jambo hili lina historia ndefu katika huduma za kimisionari. Shirika la Mission Aviation Fellowship lilianzishwa Marekani mwaka 1945. Ndege yake ya kwanza, Waco yenye mabawa mawili juu na chini, ilipelekwa Mexico na rubani Betty Greene mwaka 1946. Mwaka huohuo, rubani aliyekuja kupokea kazi aligonga kibanda wakati wa kutua, mguu wa ndege na bawa vikaharibika. Nate Saint, aliyekuwa fundi na rubani, ikabidi aende Mexico kuitengeneza. Kwa hiyo mkasa mkubwa wa kwanza wa ndege hiyo ya misheni haukutoka kwenye injini wala kwenye dhoruba. Ulitoka kwenye kibanda kilichosimama karibu mno na mahali pa kutulia.

Miguu inayokunjwa na miguu isiyokunjwa

Ndege ndogo zina miguu ya aina mbili. Ipo inayokunjwa ndani ya mwili wa ndege ikisharuka, na ipo iliyosimama hivyohivyo daima. Mguu unaoning'inia hukinzana na hewa, kwa hiyo ndege inayokunja miguu hukimbia zaidi. Cessna 210, ambayo hukunja miguu, humshinda ndugu yake Cessna 206 asiyekunja kwa kiasi cha kilomita 40 kwa saa.

Mfadhili mmoja alitushauri tutafute ndege ya aina hiyo ili "kuokoa muda wa wagonjwa". Nia ni njema, na tunamshukuru. Lakini tufanye hesabu. Safari ya kilomita 150, ambayo ni ndefu kwa vituo vyetu vingi, huchukua dakika 35 hivi kwa ndege ya kilomita 260 kwa saa, na dakika 30 kwa ile ya kilomita 300. Tunaokoa dakika tano. Kwa dakika hizo tano tunanunua pampu ya haidroliki, mabomba, swichi ndogo zinazoziba kwa tope, na milango ya kufunika miguu ambayo mawe huipiga kila inapotua.

Tena tunanunua hatari moja ya kibinadamu ambayo ndege zisizokunja miguu hazina kabisa: rubani kusahau kuiteremsha. Msomaji anaweza kushangaa mtu atasahauje miguu ya ndege. Lakini ni moja ya makosa yanayojulikana sana katika urubani wa ndege ndogo, na huwapata hata wenye saa nyingi angani. Kwa kawaida kuna kitu kimemkatiza katikati ya kazi: redio imeita, ng'ombe wameingia kiwanjani, mgonjwa nyuma ametapika. Ndiyo maana watengenezaji waliweka honi inayolia nguvu ya injini ikipunguzwa huku miguu bado iko juu, na taa za kijani zinazowaka miguu ikishajifunga sawasawa. Marubani nao hukariri orodha fupi ya ukaguzi kabla ya kutua: mafuta, miguu, mchanganyiko wa hewa na mafuta, propela. Pamoja na yote hayo, ndege bado hutua kwa tumbo.

Hatusemi ndege za aina hiyo ni mbaya. Pilatus PC-12, inayotumiwa na madaktari warukao wa AMREF kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hukunja miguu na bado hutua kwenye viwanja vya udongo. Lakini hiyo ni mashine ya gharama kubwa yenye mafundi wa kutosha nyuma yake. Kwa huduma kama yetu, tunakubaliana na mashirika mengi ya kimisionari yaliyochagua Cessna 206, Cessna Caravan, na baadaye Kodiak iliyoidhinishwa mwaka 2007 ikiwa imebuniwa huku kazi za misheni zikifikiriwa. Zote hizo miguu yake haikunjwi.

Basi, kama miguu haikunjwi, nini tena kinaharibika?

Udhaifu uko mbele

Tazameni Cessna 206 ikiwa imesimama. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye miguu ya chuma inayopinda na kurudi, kazi yake ikifanana na springi za lori. Hakuna mafuta ndani wala bawaba, ni chuma tu kinachonesa. Miguu hii huvumilia mengi.

Gurudumu la mbele ni habari nyingine. Mguu wake ni bomba linaloingia ndani ya bomba jingine, katikati kukiwa na mafuta na gesi iliyoshindiliwa, yaani shokapu. Mguu huo umefungwa mbele, karibu na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Haukuundwa kubeba uzito wa kutua. Kazi yake ni kuongoza ndege na kushikilia pua baada ya magurudumu ya nyuma kufanya kazi ngumu. Rubani aliyefundishwa vema hutua kwa magurudumu ya nyuma, akaiweka pua juu kadiri awezavyo, kisha akaiacha ishuke taratibu.

Mbele kabisa iko propela, au pangaboi kama wengi tunavyoiita. Kanuni za Marekani ambazo ndege hizi ziliundiwa zilitaka ncha ya propela, kwa ndege yenye gurudumu la mbele, ibaki angalau inchi 7 kutoka ardhini, yaani sentimita 18 hivi. Tunawaomba wanakamati wapime sentimita 18 kwa rula, kisha wakumbuke mashimo ya kiwanjani kwao. Gurudumu la mbele likidumbukia kwenye shimo la muhanga, nafasi hiyo huisha mara moja.

Propela ikigusa ardhi injini ikiwa inazunguka, hasara haiishii kwenye propela iliyopinda. Mshtuko hurudi ndani ya injini hadi kwenye krenkishafti na gia zake. Ufa unaweza kubaki humo bila kuonekana, na siku moja ukakatika ndege ikiwa juu ya msitu. Mwaka 2004 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza kwamba injini za Lycoming zilizopigwa propela zikaguliwe gia ya krenkishafti na boliti yake ibadilishwe. Injini za Lycoming zimo katika Cessna 206 zilizoundwa tangu 1998. Kwa hiyo fundi akisema injini lazima ishushwe na kufunguliwa ingawa "inaunguruma vizuri", hatafuti ulaji. Na bili ya mkasa kama huo, yaani propela, injini, mguu na ukuta uliokunjamana, hufikia kwa urahisi makumi ya maelfu ya dola. Fedha hizo zingelipia mafyekeo ya parokia zote tunazohudumia kwa miaka mingi.

Ndege inaporuka kama chura

Kuna jambo ambalo wengi mmeliona kiwanjani. Ndege inagusa ardhi, inaruka juu tena, inagusa, inaruka. Hii hutokea ndege ikija kwa kasi mno: bado ina nguvu ya kuelea na haitaki kukaa chini. Gurudumu la mbele likigusa kwanza, pua hurushwa juu. Rubani akisukuma usukani mbele ili aikandamize, pua hushuka kwa kishindo zaidi, na mruko wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Mara nyingi ni kishindo cha tatu au cha nne kinachovunja mguu. Dawa inayofundishwa ni kuongeza nguvu ya injini na kuondoka kwenda kujipanga upya. Kwa hiyo, ndugu wanakamati, mkiona ndege imegusa na kuondoka tena, msiseme rubani ameogopa wala ni mgeni. Amefanya inavyopasa. Kilicho juu yenu ni kuhakikisha kwamba ncha ya mwisho ya kiwanja haina watoto waliosogea kutazama, kwa maana atapita hapohapo.

Kwa nini aje kwa kasi mno? Hapa ndipo hesabu ndogo inafaa. Tuseme ndege hutua kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa katika hewa, na upepo unavuma kilomita 18 kwa saa. Akitua akiupokea upepo usoni, anagusa ardhi kwa kilomita 92. Akitua upepo ukimsukuma kutoka nyuma, anagusa kwa kilomita 128. Tofauti inaonekana ya kawaida, lakini nguvu ambayo miguu na breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa mfano huu ni karibu mara mbili. Kinachomwambia rubani upepo unatoka wapi ni mfuko wa upepo, kipande cha kitambaa juu ya mlingoti. Tumepita kwenye viwanja ambako mfuko huo umechanika ukabaki pete tupu, na mahali pamoja kitambaa kilikuwa kimegeuzwa mfuko wa mahindi. Hatulaumu, njaa ni njaa, lakini kitambaa kipya ni cha bei ndogo kuliko kitu kingine chochote tulichokitaja katika makala hii.

Viwanja vya nyanda za juu vina jambo la ziada. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege inayotua hukimbia zaidi juu ya ardhi ingawa kipimo cha mwendo mbele ya rubani kinaonyesha ileile. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 siku ya joto, nyongeza hiyo ni kama asilimia 10. Ndiyo maana rubani hupendelea kuja asubuhi, na kuchelewa kwa wagonjwa hadi saa nane mchana humpa kazi nyingine.

Adui walioko ardhini

Sasa tuje kwenu. Kichuguu kipya huota haraka baada ya mvua, na kusawazisha juu tu hakusaidii kama malkia yuko hai chini, chimbeni mumtoe. Shimo la muhanga au fisi lisijazwe kwa majani na udongo laini, maana litaonekana limejaa na kumeza gurudumu vilevile. Lijazwe kwa moramu, tabaka kwa tabaka, kila tabaka linyunyiziwe maji na kushindiliwa. Njia za fuko hazionekani kwa macho, hivyo tembeeni kwa mstari mmoja, mtu na mwenzake hatua mbili, kila mmoja na fimbo ya kuchomea ardhi. Nyasi ndefu ni mbaya kwa sababu mbili: huvuta magurudumu, na huficha yote tuliyoyataja.

Lakini adui tunayemwona mara nyingi kuliko wote ni gari. Wakati wa mvua barabara ya kijiji huharibika, na kiwanja kinaonekana kama njia nzuri iliyonyooka. Lori la mazao linapita mara moja tu. Jua likiwaka wiki mbili, mifereji ya matairi yake inakauka migumu kama saruji. Ndege ikitua, gurudumu la mbele hunaswa na kuvutwa upande, na mguu hupata msukumo wa ubavuni ambao ndio unaouumiza zaidi. Pale penye udongo mweusi wa mbuga, hata pikipiki huacha makovu. Magogo au mawe makubwa ya kuzuia magari yawekwe kwenye njia za kuingilia, mbali na kingo za mahali ndege inapokimbilia, tusije tukarudia kisa cha kibanda cha Mexico.

Kuna parokia ambazo zimegawa kiwanja kwa jumuiya ndogo ndogo, kila jumuiya mita zake, kama watu wa Nehemia walivyojenga ukuta kila mmoja mbele ya nyumba yake. Tumeona utaratibu huu ukifanya kazi vizuri kuliko kumwachia mlinzi mmoja mzee na fyekeo moja.

Namna ya kupima tumeiazima Australia, ambako madaktari warukao wametumia viwanja vya udongo tangu 1928. Chukueni gari lenye springi ngumu, pikapu kwa mfano, mliendeshe kiwanja kizima kwa kilomita 75 kwa saa. Kama waliokaa ndani hawasumbuki, uso wa kiwanja unafaa. Kama vichwa vinagonga paa, haufai. Kwa unyevu, lori lililosheheni lipite kwa kupindapinda, hasa sehemu zenye mashaka. Alama ya tairi ikizama zaidi ya milimita 25, ndege isije. Baada ya kipimo hicho cha pili, bila shaka, mifereji ya lori isawazishwe siku hiyohiyo.

Simu ya asubuhi

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kabla ya kuondoka, rubani hupiga simu kuuliza hali ya kiwanja. Tunajua mwenyekiti anayepokea simu hiyo amezungukwa na nani. Yupo mama mgonjwa chini ya mwembe, yuko mumewe, yuko diwani. Mvua ilinyesha usiku, na mwenyekiti hajaenda kuona upande wa chini. Kila anayemtazama anataka aseme neno moja: "Njooni."

Tunaelewa uzito wa neno hilo. Hata hivyo tunaomba lisisemwe kwa mtu ambaye hajatembea kiwanja asubuhi hiyo kwa miguu yake. Miguu ya ndege ndogo huundwa kuvumilia kishindo cha kushuka kwa mita 2 hadi 3 kwa sekunde. Ni kama kuangushwa kutoka kimo kisichozidi nusu mita. Rubani anapanga kutua kwake kwa kutegemea kwamba ardhi iko mahali ilipo, na kwamba ni ngumu. Taarifa ya uongo, hata iliyotolewa kwa huruma, inamwondolea akiba hiyo yote. Ndege ikivunjika mguu kwenu Jumatatu, mama wa Jumatatu hakusafiri, na wa Jumatano katika parokia ya jirani naye hana ndege.

Kwa hiyo tumekubaliana na marubani mambo mawili. La kwanza, kamati itakayosema "leo hapafai" haitaulizwa kwa ukali wala kuondolewa kwenye ratiba ya mwezi unaofuata. Kumekuwa na hofu hiyo na tunataka iishe. La pili, rubani atauliza maswali yaleyale kila mara, ili mpokeaji asilazimike kutoa hukumu ya jumla. Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho? Nani ametembea kiwanja, na saa ngapi? Kuna shimo au kichuguu kipya, kiko upande gani na umbali gani kutoka mwanzo wa kiwanja? Gari limepita? Mfuko wa upepo upo? Mifugo iko wapi? Jibu la "sijui" ni jibu halali, naye ataamua.

Kwa wafadhili, sasa mnaona kwa nini fungu la viwanja limekaa juu ya fungu la vipuri katika bajeti ya mwaka huu. Toroli tatu, mafyekeo kumi, sururu mbili, kitambaa cha mfuko wa upepo na chokaa ya kupaka mawe ya pembeni ndivyo vifaa vya kiwanja kimoja. Posho ya mlinzi ni ya kila mwezi, na parokia huchangia nusu yake kwa fedha au kwa nafaka.

Kamati ambazo hazijapata vifaa vyao zitume mtu mmoja na barua ya paroko kabla ya mvua za masika kuanza, kwa kuwa zikishaanza gari letu halifiki vituo vya bondeni. Maswali ya rubani tumeyachapa kwenye karatasi ngumu. Yabandikwe ukutani karibu na mahali simu inapokaa, na nakala moja apewe mlinzi wa kiwanja.